Chekecheke si mwalimu: barua ya wazi kwa wazazi vijana wa Tabora

Wanangu,

Mwangaluka. Walio Waislamu miongoni mwenu, Asalaam aleykum. Walio Wakristo, Tumsifu Yesu Kristo na Bwana asifiwe. Nimezitaja salamu zote kwa makusudi, kwa sababu niliyo nayo yanawahusu wote, na kwa sababu siku hizi naona hata salamu mmezigeuza bendera za shule wanazosoma watoto wenu.

Mwezi Januari nilikuwa msibani mtaa wa Ng'ambo, hapa hapa mjini, wiki ile ile matokeo ya kidato cha nne yalipotoka. Tulikuwa tumekaa mkekani chini ya mwembe, maiti ingali ndani, na badala ya kumzungumza marehemu tukawa tunazungumza daraja la kwanza na sifuri. Mzazi mmoja alikuwa akipitisha simu yake mkono kwa mkono ili kila mmoja ajionee kwamba shule ya dini anakosoma binti yake haikupata sifuri hata moja. Mwingine akamjibu kwamba shule hizo ni maduka tu, isipokuwa muuzaji amevaa joho. Wa tatu akaleta habari za wakoloni na nani alipendelewa na nani, sauti zikapanda, mpaka mfiwa mwenyewe akatoka ndani kutuomba tumstahi marehemu wake.

Kelele zile nilizivumilia. Kilichonichoma ni baba mmoja aliyekuwa amekaa pembeni akichora mchangani kwa kijiti. Mwanawe naye alisoma katika shule ile ile ya kwenye simu, miaka miwili, na Desemba iliyopita aliondolewa kwa kuwa wastani wake ulikuwa 48 na shule inataka 50. Simu ilipomfikia aliipokea, akaitazama kwa muda, akampa aliyefuata. Hakusema neno. Mwenye kujisifu hakujua, au alijua na hakujali, kwamba usafi wa matokeo yale umetokana na watoto kama wa jirani yake kutolewa kabla hawajafika kwenye chumba cha mtihani.

Niwaambie hiyo 48 ni kitu gani. Kwa kipimo cha Baraza la Mitihani la Taifa, alama kuanzia 45 hadi 64 ni C, na ufaulu wenyewe huanzia 30, ambayo ni D. Mtoto mwenye wastani wa 48 hajafeli popote katika nchi hii isipokuwa katika ofisi ya mkuu wa shule yake. Kosa lake ni kwamba ataipunguzia shule uzuri wa bango.

Naijua kazi hiyo ya kuchuja kwa sababu nimeifanya kwa mikono yangu. Baada ya kustaafu utumishi wa Serikali nilichukuliwa na shule moja ya binafsi, ya bweni, nikawa mwalimu wa taaluma kwa miaka minne. Kila Desemba tulikaa watatu, mwenye shule, mkuu wa shule na mimi, na mbele yetu orodha ya kidato cha pili iliyopangwa kuanzia wa kwanza hadi wa mwisho. Rula iliwekwa chini ya jina la mwisho lenye 50, mstari mwekundu ukapigwa, na waliokuwa chini ya mstari nikawaandikia barua. Mwaka mmoja walikuwa 19. Barua zote 19 zina sahihi yangu, tena nzuri, ya mwalimu wa zamani.

Mzazi mmoja wa mwaka huo alitoka upande wa Urambo, mkulima wa tumbaku, akaja kumchukua kijana wake kwa baiskeli. Alinisikiliza nikimsomea barua mpaka mwisho, kisha akaniuliza: "Mwalimu, huyo wastani ni nani?" Nikamweleza kwamba tunajumlisha alama za masomo yote halafu tunagawanya kwa idadi ya masomo. Akafikiri kidogo, akasema, "Basi na ada mliyokula ijumlisheni muigawanye, mnirudishie sehemu ya miaka miwili ambayo hamkumfundisha." Nilicheka, kama tunavyocheka sisi tuliosoma tunapoulizwa swali ambalo hatuna jibu lake. Alilifunga tranka la mwanawe kwenye keria kwa mpira wa tyubu, tranka la bati lenye jina lililoandikwa kwa rangi nyeupe na namba ya bweni chini yake, na kijana akatembea nyuma akilishikilia lisianguke. Miaka miwili baadaye shule ile ilipata matokeo ya kupendeza, tukachinja ng'ombe. Nami nilikula.

Mama yenu nyumbani anapochekecha unga, chenga zinabaki juu na unga laini unashuka. Hakuna anayemsifu chekecheke kwa kusaga; aliyesaga ni jiwe la mashine. Shule inayopokea watoto 120, ikawachuja wakabaki 70, kisha ikatangaza kwamba wote 70 wamefaulu, imefanya kazi ya chekecheke na inadai malipo ya jiwe. Wale 50 hawapotei, wanangu. Wanarudi kwenye shule za kata, zile sekondari za Serikali zilizo karibu na kwao, na huko ndiko sifuri zao, zikiwapo, zinakohesabiwa, halafu mnakaa msibani kuzicheka shule za kata.

Najua kuna atakayenijibu kwamba hata Tabora Boys na Tabora Girls, zilizo shule za vipaji maalumu, huchagua, na seminari huchagua, tena kwa usaili mkali. Ni kweli, na sina ugomvi nazo kwa hilo. Kuchagua mlangoni ni jambo moja. Mtoto anakataliwa akiwa bado na kwao, na baba yake bado ana fedha zake. Kumpokea, ukala ada yake ya miaka miwili, ukamzoesha sare na nyimbo zako, kisha ukamtupa njiani kwa sababu hukuweza kumfundisha, hilo ni jambo jingine, na likifanywa na shule iliyoandika jina la Mungu kwenye lango lake mimi huona ubaya wake ni mara mbili. Wizara imelikemea. Baraza la Mitihani nalo, Januari 2023, liliacha kutangaza shule kumi bora, nami nilifurahi sana. Lakini mashindano hayakuisha, yalihamia kwenye mabango ya barabarani na kwenye simu zenu.

Kwa hiyo mkitaka shauri moja tu kutoka kwangu, ni hili. Siku unapokwenda kumwandikisha mwanao popote, usiulize wamefaulu wangapi. Uliza: waliokaa mtihani wa kidato cha nne mwaka jana, walipoingia kidato cha kwanza walikuwa wangapi? Kisha nyamaza usubiri. Ukijibiwa bila kigugumizi, hata kama kuna waliopungua kwa kuhama na kwa maradhi, hapo pana watu wa kweli. Ukianza kuonyeshwa basi jipya la shule, ondoka.

Sasa hilo la dini, ambalo pale msibani lilikaribia kuleta ngumi. Ninyi hamkuwapo, kwa hiyo nitawasimulia kwa ufupi. Zamani za Mwingereza shule nyingi zilikuwa za wamisionari, na wazazi Waislamu wengi waliogopa kuwapeleka watoto huko wasije wakabatizwa. Hofu hiyo haikuwa ya kipuuzi. Shule ya Serikali hapa Tabora, hiyo hiyo Tabora Boys ya leo, iliyoanzishwa mwaka 1922, ilikuwa na maana kubwa kwa sababu mtoto aliingia na dini yake akatoka nayo. Julius Nyerere aliingia hapo mwaka 1937 akiwa hajabatizwa, akatoka hajabatizwa; ubatizo wake ni wa mwaka 1943. Rashidi Kawawa, Mwislamu, aliyekuja kuwa Waziri Mkuu, alisoma hapo hapo. Na huyo Nyerere, baada ya Makerere, alirudi mji huu huu kufundisha St. Mary's, shule ya mapadri, kuanzia mwaka 1946 hadi alipokwenda Edinburgh mwaka 1949. Mtu aliyesomeshwa na Serikali akawafundishia mapadri. Kisha Sheria ya Elimu ya mwaka 1969 ilipokuja, ni serikali yake iliyozitwaa shule za madhehebu, isipokuwa seminari, ili mtoto asiulizwe dini mlangoni.

Mimi wakati huo nilikuwa mwanafunzi katika mojawapo ya shule zilizotwaliwa. Nakumbuka mwaka uliofuata nililetewa jirani wa kitanda ambaye aliamka alfajiri kuswali kabla sisi hatujaamka kwenda misa, na mapema kabisa tulipatana kwamba atakayeamka kwanza amwamshe mwenzake. Sisemi kila kitu kilikwenda vizuri. Walimu wazuri waliondoka, maktaba ikaliwa na mchwa, bustani ya mapadri ikawa kichaka, na miaka ya sabini tulipofungua milango kwa watoto wote, jambo ambalo nalisifu mpaka leo, tuliifungua kabla hatujapata walimu wa kutosha. Ndiyo maana mwaka 1995 sheria iliporekebishwa na shule za binafsi zikapewa nafasi pana zaidi, watu walizikimbilia kama waliokuwa na kiu. Siwalaumu. Nimewaona masista wanaomjua kila mtoto kwa jina na kwa jina la mama yake, na nimewaona walimu wa shule za Kiislamu wanaokaa na mtoto mzito wa hesabu mpaka jua linazama. Kama mwanao yuko mikononi mwa watu kama hao, kaa kimya umshukuru Mungu, wala usimtangazie mwenye msiba.

Lakini Serikali nayo isidhani nimekuja kuitetea. Kiwango chake yenyewe ni wanafunzi 45 kwa mwalimu mmoja katika shule ya msingi, na ninyi mmeona madarasa ambamo wa nyuma hawauoni ubao kwa wingi wa vichwa. Ruzuku ya mwanafunzi wa shule ya msingi ni shilingi 10,000 kwa mwaka, na sehemu yake huenda kwenye vitabu kabla haijafika shuleni. Haitoshi chaki, sembuse choo. Na wanaopanga haya yote, kuanzia wanaogawa fedha hadi wengi wa walimu wenyewe, watoto wao wako inglishi midiamu. Mpishi asipokula chakula chake, wageni wana haki ya kuuliza.

Nanyi je? Tangu Januari 2016 ada ilipoondolewa hadi kidato cha nne, mmesikia "bila ada" mkaelewa "bila mzazi". Shule ya msingi iliyo karibu na nyumba yangu, ambayo mnaiita Kayumba kwa dharau, iliitisha mkutano wa wazazi. Nilihesabu waliohudhuria, tukawa 11 pamoja na mimi niliyekwenda kama babu. Agenda ilikuwa choo cha wasichana. Mwenye mtoto shule ya binafsi hakuja kwa kuwa haimhusu, na mwenye mtoto pale hakuja kwa kuwa ni ya Serikali. Wasichana wale wataolewa na wavulana wenu, au watakuwa wauguzi wenu, nanyi mtalala kitandani mkiwasubiri wasome kipimo cha dawa.

Mengine nitayataja tu, maana karatasi inaisha. Usikope kwa dhamana ya nyumba ili ulipe ada. Usimpeleke bweni mtoto ambaye bado anakulilia usiku; mwaka 2023 Kamishna wa Elimu alitoa waraka wa kuzuia bweni kwa watoto wa awali hadi darasa la nne, na ninyi bado mnatafuta vichochoro. Kiingereza cha mtoto wa miaka sita si elimu, ingawa mtoto wa Kayumba anayekutana nacho ghafla kidato cha kwanza anaonewa, na hilo ni deni la Serikali. Kagua daftari, si sare. Chuo cha Kurani na mafundisho ya Kipaimara vipo mtaani, bure au karibu na bure. Asiyekwenda huko jioni asitegemee kwamba ada itamfundisha kusali.

Narudi kwa yule baba wa kijiti. Siku ya tatu ya msiba nilimfuata, nikamwomba anipe kijana. Sasa yuko kidato cha tatu katika shule ya kata, na jioni anakuja kwangu Isevya, anakaa chini ya mwembe, nami namfundisha hesabu kwa kipande cha ubao nilichookota. Si mzito hata kidogo. Alikuwa amekosa hesabu za sehemu na asilimia tangu shule ya msingi, na kwa miaka miwili hakuna aliyerudi nyuma kumfuata alipoachwa. Kila mmoja alikuwa na haraka ya kumaliza silabasi. Juzi alikokotoa wastani wa alama zake mwenyewe za Desemba, akaniambia kwamba kwa hesabu yake anapata 48.6. Nilirudia mara mbili. Yuko sahihi.

Mwenye mtoto aliyechujwa, au aliyeko Kayumba, au hata aliyeko kwa masista na hesabu zimemshinda, amlete saa kumi jioni, siku yoyote isipokuwa Ijumaa na Jumapili. Aje na daftari na kiti, maana vyangu ni vitatu tu na kimoja mguu wake umelegea.

Ni mimi mzee wenu,
Mwalimu mstaafu, Isevya, Tabora