Barua kwa Rehema: lile jibu la 7

Muheza, Tanga
9 Juni 2024

Mpendwa Rehema,

Salaam nyingi, mwalimu mwenzangu. Huku hatujambo, machungwa yameanza kuiva na watoto wanakuja darasani vidole vikinukia maganda. Nakuandikia kwa sababu kuna jambo limenikaa rohoni tangu Jumatano.

Darasa la saba walifanya mtihani wa ujirani mwema, ule wa pamoja wa shule jirani. Hisabati, swali la pili, la kuchagua jibu: 20 − 8 + 5. Binti mmoja mkimya, wa dawati la mbele, aliweka kivuli kwenye C, yaani 7. Jibu ni 17. Nilipomwita akanionesha karatasi aliyokokotolea. Pembeni ameandika MAGAZIJUTO kwa herufi kubwa (mabano, gawanya, zidisha, jumlisha, toa), kisha ameanza kujumlisha kwa kuwa JU inatangulia TO: 8 na 5 ni 13, 20 toa 13 ni 7. Hakuna hatua aliyokosea kuhesabu. Amefuata nilichomfundisha, neno kwa neno. Mimi ndiye niliyeliandika neno hilo ubaoni, nisiseme kwamba kujumlisha na kutoa ni ndugu wa daraja moja, anayekutwa kwanza kutoka kushoto ndiye anayeanza.

Mvulana wa nyuma yake alipata 17. Nikamuuliza amefikaje. Akaniambia wazi kabisa kwamba alipiga ana ana ana doo, ikaangukia B. Kwenye fomu yeye ana alama moja, binti ana sifuri.

Rehema, ile 7 haikufika pale kwa bahati. Unakumbuka tulivyofundishwa chuoni kutunga vipotoshi, yale majibu yasiyo sahihi ya kuchagua: usiweke namba ya ovyo, weka ile ambayo mwanafunzi ataipata akikosea hatua moja. Basi mtego umetegwa njiani kwa yule anayetembea. Asiyejua lolote hana njia, kwa hiyo hapiti hata karibu na mtego. Kila swali lina herufi tano, na katika maswali 40 anaweza kuokota kama 8 kwa kubahatisha tu. Aliyejua nusu anaokota sifuri penye nusu yake.

Mwaka 2012, mtihani wa taifa wa darasa la saba ulipoanza kusahihishwa kwa mashine, hisabati yote ilikuwa ya kuchagua. Baadaye yakawekwa maswali 5 ya kuonesha njia, na mimi nilishukuru kwa dhati, maana pale angalau mtu anaisoma kazi ya mtoto. Lakini yale 40 bado ni ya penseli na kivuli. Silaumu mashine. Watahiniwa ni wengi mno kwa kalamu nyekundu, na mashine haina mpwa wala jirani wa kumpendelea. Ila haioni karatasi ya kukokotolea.

Kuna kisa cha Marekani ninachokisimulia sana siku hizi. Mei 1982, kwenye SAT, mtihani wao wa kuombea vyuo vikuu, waliulizwa: duara dogo, nusu kipenyo chake ni theluthi moja ya kile cha duara kubwa, likibingirika kulizunguka hilo kubwa hadi lilipoanzia, litajizungusha mara ngapi? Waliotunga walikusudia 3. Jibu la kweli ni 4, na 4 haikuwemo katika herufi zote tano. Wanafunzi kama 300,000 walifanya mtihani ule. Watatu wakaandika kueleza kosa, na swali likafutwa. Chukua sarafu mbili za shilingi 200, bingirisha moja kuizunguka nyingine, utaona inajizungusha mara mbili wakati akili inakuambia mara moja. Ninachokiwaza ni yule aliyepata 4, akatafuta, akaikosa, akaona bora aweke kivuli kwenye 3 kama wenzake. Hapo jibu la karibu ndilo lililokuwa limeandaliwa alama.

Sasa zamu yangu imefika. Mtihani ujao wa ujirani mwema nimepewa mimi kutunga hisabati. Jana usiku niliandika swali la mpangilio wa matendo, nikafika kwenye vipotoshi, mkono ukasimama. Nikiiweka namba ya MAGAZIJUTO, nitawanasa walewale niliowapotosha. Nikiiacha, mtoto mwenye kosa hilo ataikosa namba yake kwenye orodha, atarudi kukokotoa upya, pengine atajigundua mwenyewe. Lakini nami sitajua ni wangapi bado wanalo. Naelekea kuiweka, halafu nikusanye karatasi zote za kukokotolea, nizisome moja moja kabla ya kuwapa alama. Mwalimu mkuu hajakubali bado, anasema muda hautoshi.

Niambie, huko kwenu JU na TO mnazifundishaje? Binti yule nimemweleza Alhamisi. Alinisikiliza, kisha akauliza kama GA na ZI nazo ni hivyohivyo. Nikamwambia ndiyo, akarudi kwenye dawati kurekebisha daftari lake lote.

Wasalimie watoto na mama.

Rafiki yako,
Neema