Safari ya Chwaka Jumapili

Assalaam alaykum wanakikundi.

Jumapili tunakwenda skuli yetu ya biashara ya SUZA (Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar) kule Chwaka, inshaallah. Gari litaondoka Mwanakwerekwe saa 2 kamili asubuhi. Atakayechelewa apande daladala, hatutamsubiri mtu Dunga.

Safari hii si ya kula na kupiga picha tu. Vijana wa mwaka wa mwisho wanataka kujua kazi ilivyo huku nje, na mimi naona hotuba ndefu haziwasaidii. Tuje na vitu vya kuonekana. Wenye maduka, leteni daftari la mauzo, na ukurasa wa madeni msiuchane (hapo ndipo penye somo). Aliyesajili kampuni BPRA (wakala wa usajili wa biashara na mali Zanzibar) aje na nakala za fomu zake. Watu wa kodi, anzeni na ZRA (Mamlaka ya Mapato Zanzibar) ya sasa, maana wengi wetu tulisoma ingali Bodi ya Mapato, na noti zetu zile bado zinapigwa kopi!

Mliomaliza kabla ya 2016, chuo kikiitwa ZIFA (Chuo cha Uongozi wa Fedha), msijitenge. Kuunganishwa na SUZA hakukukutoeni. Vyeti vina jina jengine, basi.

Mchango ni shilingi 10,000, apewe mshika fedha. Samaki tutanunua mnadani palepale Chwaka, wali utapikwa, tutakula baada ya sala ya adhuhuri. Mlioko Pemba, rikodini sauti fupi, dakika tatu zinatosha.

Nataka majina kabla ya magharibi ya Alkhamisi. Kidole gumba peke yake sikihesabu, andika jina.