Barua ya wazi: Mheshimiwa, turudishieni bomba la stesheni yetu

Kwako Mheshimiwa unayesimamia stesheni kuukuu za reli ya zamani,

Pokea salamu zangu za heshima. Hii ni barua yangu ya nne. Tatu za kwanza nilizileta ofisini kwa mkono wangu, zikapigwa mhuri wa kupokelewa, na nakala ninazo. Sikutaka tufike hadharani. Lakini Jumanne iliyopita lori lilisimama kwenye stesheni yetu ndogo, hapa kati ya Voi na Mtito Andei. Wanaume wanne wakashuka na mitungi ya gesi, na kufikia adhuhuri lile bomba refu lililokuwa likinywesha injini maji lilikuwa limelala chini vipande vitatu. Niliomba kuona kibali. Nikaonyeshwa karatasi kwa mbali, ikarudi mfukoni.

Huenda waliokutumia taarifa wamekuambia ni chuma chakavu. Niruhusu nikueleze ni nini.

Marehemu baba alikuwa faiamani, mtunza moto wa injini, baadaye dereva, kwenye zile injini za mvuke za Garratt, klasi ya 59. Vijana hudhani kila gari la moshi lilikula makaa. Hizi zilichoma mafuta mazito. Zilikuwa 34, zimeundwa na Beyer Peacock huko Manchester miaka ya 1950, kila moja ikapewa jina la mlima wa Afrika Mashariki. Kwenye reli ya upana wa mita moja, hapakuwa na injini ya mvuke yenye nguvu kuzishinda popote duniani. Kila moja ilizidi tani 250. Vikombe vya mama vilianza kutetemeka kabatini kabla hatujasikia honi.

Injini ya mvuke haiendi bila maji, Mheshimiwa, na nyika hii ni kavu. Ndiyo sababu bomba lile liliwekwa pale, na ndiyo sababu kijiji chetu kipo. Treni iliposimama kunywa, mama alikuwa na dakika chache za kuuza mayai ya kuchemsha na ndizi madirishani, nami nikimshikia beseni. Dakika hizo ndizo zilizolipa karo yangu. Nikifumba macho bado nasikia maji yakishuka kwenye tangi, na naona baba akiegemea dirisha, uso umejaa masizi, akijifanya hanioni kwa sababu yuko kazini.

Mvuke ulikwisha. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika mwaka 1977, reli ikagawanywa. Mwaka 2017 ikaja reli mpya, SGR, na sikulalamika. Naipanda na kuipenda. Lakini ulipokuja kwenye baraza letu ulisimama chini ya mwarobaini, mbele ya chifu na wazee, ukaahidi kwamba hata msumari mmoja hautang'olewa, na kwamba watoto wa shule wataletwa hapa kujifunza. Nilikupigia makofi. Tangu siku hiyo limetoweka benchi la mbao, kikafuata kibao cha jina, kisha kile kipande cha reli kilichogongwa kama kengele. Sasa bomba.

Nadhani ni bei ya chuma. Wengine wanasema kuna mtu anakitaka kiwanja. Vyovyote vile, uwezo wa kuzuia upo. Minara ya umeme ilipoangushwa, Januari 2022 serikali ilisimamisha biashara ya vyuma chakavu nchi nzima. Na Sheria ya Makavazi na Turathi ya 2006 inaruhusu mahali kama hapa patangazwe kwenye Gazeti Rasmi na kulindwa. Tunangoja nini? Simba waliowala wajenzi wa reli hapa Tsavo mwaka 1898 wako Chicago, na mjukuu wangu amewaona kwenye simu tu. Zile Garratt mbili za klasi ya 59 zilizobaki kwenye makumbusho ya reli Nairobi, Mount Gelai na Mount Shengena, ni safari ya siku nzima kwa mtoto wa huku, ikiwa nauli ipo.

Nauli hiyo naijua. Mara tatu nimeitoa kwenye pensheni yangu kuja ofisini, goti likiniuma, na mara zote tatu nimeambiwa uko mkutanoni. Mara ya mwisho nililala kwenye benchi la stendi ya mabasi. Nina miaka 67.

Siombi jumba la makumbusho tena. Siombi hata rangi ukutani. Naomba bomba lirudishwe kabla halijayeyushwa. Vipande vitatu vinaungika. Fundi wa kuchomelea tunaye hapa hapa kijijini, na amesema atafanya bure. Lirudishwe tu.

Lori lilielekea upande wa Mombasa. Namba yake niliiandika, ninayo. Nipigie, au mtume yeyote, hata usiku, nitaitoa.

Wako mtiifu,
Mtoto wa dereva wa gari la moshi