Ndugu wa kituo cha kulelea watoto: msimnyang'anye yaya (kaka au dada mkubwa) kazi yake

Bwana Mhariri,

Vibali vya kutoka nchini viliposimamishwa Septemba 2013, wazazi wa ng'ambo walioasili watoto wa Kongo walingoja sana. Muda wa kungoja una kazi yake: watume kituoni picha za sura zao na za nyumba, pamoja na kitenge kwa kila mtoto, walichokilalia wao wenyewe na kisichofuliwa, ili harufu yao izoeleke.

Waliofika Bukavu kuchukua ndugu wawili au watatu walikosea hasa kwa yaya mkubwa. Mara nyingi huyo ndiye aliyemlisha mdogo na kumbeba mgongoni. Ukimnyang'anya kazi hiyo siku ya kwanza, anajiona hana maana tena, na mdogo analia usiku kucha. Mwache akae karibu wakati mzazi anashika kijiko. Polepole ataiachia kazi mwenyewe. Kila mtoto apate dakika 15 peke yake na mzazi kila siku, hata kama ni kuoshwa miguu tu. Ndugu walale chumba kimoja. Mtoto akificha bugali chini ya mto, asigombezwe: ni hofu ya njaa.

Na Kiswahili chao, tafadhali, kisizimwe. Ndicho wanachofarijiana nacho gizani.

Walezi wa watoto,
Kadutu, Bukavu