Barua kwa Wazazi na Walezi: Kufunga Muhula wa Pili

Wazazi na walezi wapendwa,

MINT: KUMBUKUMBU YA PADRE JOHN KAISER

Watoto wenu wanarejea nyumbani leo na fomu za ripoti. Salio la karo na tarehe ya kufungua zimeandikwa humo. Sitayarudia hayo, kwa kuwa lipo jambo ambalo ningependa mlisikie kutoka kwangu.

Kwa vile tarehe 24 Agosti itatupata likizoni, gwaride letu la mwisho lilitengwa kumkumbuka Padre John Kaiser, Mmarekani wa shirika la wamisionari Wakatoliki la Mill Hill aliyefika Kenya mwaka 1964, akahudumu Kisii kwa miaka mingi, kisha akapelekwa Maela, karibu na Naivasha, walikokuwa wamepiga kambi wakulima waliofurushwa Enoosupukia, Narok, mwaka 1993. Polisi walipoivunja kambi hiyo Desemba 1994, naye aliondolewa kwa nguvu. Hakunyamaza. Mwaka 1999, akiwa paroko wa Lolgorian, alifika mbele ya Tume ya Akiwumi, iliyochunguza mapigano ya kikabila, akawataja vigogo aliowalaumu kwa mapigano hayo, na mwaka uliofuata, tarehe 24 Agosti, mwili wake ukapatikana kando ya barabara karibu na Naivasha, ukiwa na jeraha la risasi kichwani. Wanafunzi waliambiwa wazi kwamba wapelelezi wa FBI, shirika la upelelezi la Marekani, walisema alijiua, na kwamba mahakama ya Kenya, mwaka 2007, iliamua kuwa aliuawa.

Msichana mmoja wa Kidato cha Tatu aliuliza: ikiwa watu wa Enoosupukia walikuwa wamenunua mashamba yao, walifukuzwaje? Mwalimu wa Historia, ambaye kwa kawaida hakosi jibu, alinyamaza kidogo, kisha akamwambia akawaulize wazee wa kwao.

Mzazi mmoja amenipigia simu akisema hiyo ni siasa, na siasa haina nafasi shuleni. Naiheshimu hofu yake, maana najua wapo miongoni mwenu waliolala kwenye mahema miaka ile, na huenda wapo waliokuwa upande wa pili wa ua. Wote wana watoto wanaokaa dawati moja hapa. Hata hivyo, mtoto aliyeuliza swali kama lile tayari amesikia nusu ya habari mahali fulani, na ni heri nusu iliyobaki aipate kwenu.

Ndani ya kila fomu ya ripoti mtaikuta karatasi yenye mistari, isiyo na nafasi ya jina. Atakayependa kuandika anachokikumbuka kuhusu miaka hiyo, katika lugha yoyote, aikunje na kumpa mtoto airudishe siku ya kufungua.

Wenu mwaminifu,
Mwalimu Mkuu