Neno moja la Kiingereza lilinibandulisha malumalu

Mhariri,

Naomba nafasi kidogo nimjibu yule msomaji wenu aliyeandika kwamba Kiswahili ni lugha maskini, ati kwa sababu neno moja linabeba maana kibao, akatoa mfano wa "kaa", kaa wa baharini, kaa la moto, kaa chini, akamalizia kwamba kwenye Kiingereza kila kitu kina jina lake ndio maana wenzetu wako mbali. Mi ni fundi malumalu hapa Tanga, mwaka wa 19 huu, shule niliishia kidato cha nne, kwa hiyo sio mtu wa lugha kabisa. Ila ile barua niliisoma nimekalia ndoo saiti nasubiri mchanga, nikacheka peke yangu mpaka saidia wakaniuliza kulikoni, manake wiki mbili nyuma neno moja la Kiingereza, tena la herufi tatu tu, lilikuwa limenila hela.

Neno lenyewe ni "set".

Ilikuwa hivi. Nilipata kazi Raskazone, vyumba viwili na korido, mama mwenye nyumba kanunua malumalu zile kubwa za 60 kwa 60 na gundi yake ya mifuko, hii ya kisasa ya kukoroga na maji tu. Siku ya pili nikapigiwa simu ya msiba Muheza, nikaondoka, nikamwachia kazi dogo ninayemfundisha. Dogo ni makini, mkono wake mzuri kuliko wa kwangu nilipokuwa na umri wake, na ana simu ya maana. Akakuta maelekezo ya mfuko yote Kiingereza, akaupiga picha akaitupia kwenye programu ya kutafsiri. Kwenye mfuko pameandikwa "Allow to set for 24 hours". Simu ikamwambia: "Ruhusu kuweka kwa masaa 24."

Sasa wewe ndugu msomaji hebu soma hiyo sentensi kama vile hujui kitu, unaelewa nini? Dogo alielewa kwamba ukishakoroga gundi una ruhusa ya kuendelea kuweka malumalu mchana na usiku, masaa 24, hamna shida. Akakoroga mifuko mitatu asubuhi kwa mpigo ili asipoteze muda. Kufika saa sita mchana ndoo imeanza kuwa ngumu, mwiko hauingii, akaongeza maji akaivuruga ikalainika, akaendelea. Jioni akapita juu ya kazi aliyoipiga asubuhi akajaza maungio kabisa ili nikirudi nikute ameshamaliza, anisapraizi.

Alinisapraizi kweli. Mi huwa natembea na sarafu mfukoni kwa ajili ya kugonga, malumalu iliyoshika inalia nene, isiyoshika inalia kama debe tupu. Nikaanza kugonga mlangoni, debe. Katikati, debe. Pale dirishani kulikuwa na moja niliibandua kwa vidole, na mgongoni kwake safi, gundi yote imebaki chini imekuwa ungaunga. Tulibandua chumba kizima na nusu ya korido, gundi nilinunua mwenyewe, malumalu kumi na moja zikavunjika na hizo pia nililipa, na mama mwenye nyumba kasimama pale mlangoni na kikombe cha chai hasemi neno, bora angetukana.

Dogo nikamuuliza nani alikwambia hivi, akanionesha simu. Nikasoma nikakosa cha kumfokea. Simu haikudanganya, "set" ni kuweka, ukimuuliza mtu yeyote mtaani atakwambia hivohivo. Ila pale kwenye mfuko haikuwa kuweka, ilikuwa kushika. Iache ishike masaa 24. Sisi mafundi neno tunalo, tunalisema kutwa mara mia, zege limeshika, plasta haijashika, ila nani kaiambia simu?

Na hapa niingize kitu kidogo japo nje ya mada, manake kinaniuma. Watu wengi wanasema zege "linakauka", hata mafundi wenzangu. Zege halishiki kwa kukauka jamani, simenti inashika kwa sababu inakula maji, ni kemia ile, ndio maana zege linashika hata ndani ya maji, nguzo za gati zinamwagwa baharini, na ndio maana tunamwagilia ukuta wiki nzima badala ya kuuachia jua. Ikishaanza kushika ukaivuruga upya na maji umeiua, haishiki tena kama mwanzo. Ule msemo wa zege halilali watu wanautumia kwenye mambo yao ya mjini, sisi ni sheria ya kazi, ukikoroga maliza. Kwa hiyo hata hao Waingereza pale mfukoni hawakuandika "kauka", waliandika "set" wakiwa na akili zao.

Basi baada ya hasara ile nikawa kama nimelogwa, kila nikigeuka naliona hilo neno. Nyumbani kuna seti ya vikombe ambayo hatuinywei chai mpaka waje wageni. Mke wangu Jumamosi anaenda saluni kuseti nywele. Nikitaka kuwahi saiti naseti alamu. Vijana uwanjani wanapiga voliboli, seti ya kwanza, seti ya pili, kuna pointi 25 mle. Wa gym naye anasema kapiga seti tatu. Binti yangu wa kidato cha pili ana daftari la hesabu limechorwa viduara vimepandiana, namuuliza nini hii, ananiambia baba hizi ni seti, na kuna seti tupu ambayo haina kitu ndani ila bado ni seti. Nikamwambia hiyo ndio kama mfuko wangu mwezi huu.

Hizo ni zile ambazo tumeshazibeba tukazitia irabu zikawa zetu. Ukienda kwenye Kiingereza chenyewe ndio utachoka. Jirani yangu ni mwalimu wa sekondari, jioni tukikaa barazani nilimwambia anitajie tu, mi nitie Kiswahili. Mtego unausetia, sisi tunatega. Meza ya chakula, tunaandaa. Mtihani, tunatunga. Mfupa uliovunjika, tunaunga. Tarehe ya harusi, tunapanga. Jeli, inaganda. Nyumba ukiisetia moto, tumeitia moto. Jahazi likisetia tanga, hapo pwani tunasema kutweka, na mwalimu kwao bara hilo neno hakulijua, nikafurahi sana. Jua likisetia kule ng'ambo, sisi jua linatua, au linakuchwa, na kutua kwenyewe ndio kuleko kutua kwa ndege na kutua mzigo kichwani. Tulifika mahali mwalimu akaenda kuleta chai, na orodha ilikuwa bado.

Kisha akaniambia kitu nikanyamaza. Kuna ile kamusi kubwa ya Kiingereza ya Oxford, toleo lake la pili lilitoka 1989 juzuu 20, na humo neno lililochukua nafasi kubwa kuliko yote lilikuwa hilohilo "set" la kitenzi, maana 430 kwa kitenzi peke yake, maelezo yake yanafika maneno elfu 60. Neno moja hilo! Na miaka ya karibuni walipoanza kuipitia upya wakakuta kuna mengine yamelipita, likapitwa na "make", likaja "put", na mwaka 2011 likaja "run", hili la kukimbia, lina maana 645 kwa kitenzi tu, na mhariri mmoja wa kamusi anayeitwa Peter Gilliver alikaa nalo miezi tisa. Miezi tisa mtu na neno moja, kama mimba. Sasa huyu ndugu yetu aliyesema kwenye Kiingereza kila kitu kina jina lake, alikuwa anaongelea Kiingereza kipi?

Ila lililonikamata hasa ni la asili yake. Mwalimu anasema "set" limezaliwa na "sit", yani kukaa. Zamani hizo Waingereza walikuwa wakitaka kusema fanya kitu kikae wanabadilisha irabu ya katikati, "sit" ni kaa, "set" ni kalisha, au useme keti na ketisha. Sisi tunaongeza mkia, wao wanagusa tumbo. Nikamwambia mwalimu subiri kwanza, rudia. Akarudia. Kwa hiyo lile neno ambalo msomaji wenu amelichekea, "kaa", ndio hilohilo Waingereza wamelifanya likawa moja ya maneno makubwa kwenye kamusi yao!

Na ukiangalia kazi zake zinafanana mno. Nguo ikikuenea tunasema imekukaa. Malumalu ikilala sawa na pima maji imetulia katikati, hatusemi imewekwa vizuri, tunasema imekaa. Mpishi wa maandazi atakwambia unga haujakaa bado. Vijana ndio usiseme, imekaaje hiyo, imekaa kimtego, imekaa poa. Mtu akikaa Ngamiani haina maana kachuchumaa sokoni pale, anaishi. Sasa hayo yote ukimtajia mgeni neno tupu "kaa" ataelewa lipi? Atafungua kamusi achukue la kwanza, kama simu ya dogo.

Kuna seti ile ya vikombe, hiyo mwalimu anasema kwa asili ni neno jingine kabisa, lilipitia Kifaransa likitokea Kilatini, undugu wake ni na neno lao la madhehebu, watu wanaofuata njia moja, kisha likaja likagongana na hili la kukalisha mpaka leo yanaandikwa sawasawa. Ni kama kaa wa baharini na kaa la moto, hawana ujomba, wamekutana tu kwenye sauti. Hapo nakubaliana na msomaji kidogo, kwamba yapo maneno yamefanana bila sababu. Ila kuita huo umaskini, hapana.

Sasa Mhariri nina langu na wewe pia, usidhani umepona. Gazeti lenu mna kile kisanduku cha kila Jumatano cha neno la Kiingereza na maana yake, neno kushoto, Kiswahili kulia, basi. Najua nafasi ni ndogo na matangazo yanawalipa, lakini dogo wangu anakikata kile kisanduku anakibandika ukutani kwenye geto lake, nimekiona, na wiki fulani mliandika "set: weka". Sasa nani wa kulaumiwa kati ya simu na nyie? Natania, ila sio sana. Ombi langu mtoe maneno matano badala ya kumi, na kila moja mlitilie sentensi yake. Mtu akisoma gundi imeshika hatasahau, akisoma "weka" peke yake atakoroga mifuko mitatu. Na mkitaka maneno ya kazi waulizeni wenye kazi, fundi, mshonaji, mvuvi, mama wa saluni, sisi huku hatukosi neno, tunakosa tu mtu wa kutuuliza.

Dogo bado niko naye, hasara nilimsamehe, ila nilimpa sharti, akikutana na maandishi asiyoyaelewa anitumie picha kwanza. Juzi nilimpeleka bafuni kwa mteja mwingine, kupaka dawa ya kuzuia maji kabla ya malumalu. Saa nne simu yangu ikalia, picha ya kopo, na chini yake tafsiri aliyoletewa: "Usisumbue mpaka seti." Halafu ujumbe wake:

"Fundi, shkamoo. Hapa wanamaanisha mpaka seti ya ngapi?"

Fundi malumalu,
Tanga