Fundi kaacha kenchi nusu, na masika yameshaanza

Ndugu mwanasheria,

Salaam. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, mjane, napanga Gongo la Mboto na wanangu. Boma langu liko Chanika. Mwaka jana nilikopa SACCOS ili nipaue, nikaandikiana na fundi mbele ya mwenyekiti wa serikali ya mtaa na mashahidi wawili: mbao, bati na ufundi, vyote kwa shilingi milioni 14, kazi iishe mwisho wa Januari. Nimeshamlipa milioni 10 kwa awamu, zote kwa simu, na ujumbe wa kila muamala nimeutunza.

Hadi leo zimesimama kenchi, yaani fremu za mbao za kubebea bati, za upande mmoja tu. Bati hata moja halijafika. Mara mbao zimepanda bei, mara anaumwa, mara vibarua wamemkimbia. Sasa simu hapokei kabisa, na majirani wanamwona Pugu akipaua nyumba ya mtu mwingine. Makato ya mkopo yanakatwa kwenye mshahara kila mwezi, na kodi ya nyumba nalipa vilevile.

Nilikwenda polisi nikiamini nimetapeliwa. Askari alinisikiliza vizuri, akaniambia kwamba maadamu fundi alianza kazi, hilo ni shauri la madai, si jinai, niende mahakamani. Je, ndivyo ilivyo hata kama fedha za bati alizichukua na bati hakununua? Bado linanisumbua.

Nimejaribu kusoma mwenyewe. Naelewa kwamba Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, kifungu cha 73, inampa aliyevunjiwa mkataba haki ya kulipwa fidia ya hasara iliyotokana na uvunjaji huo, na kwamba madai ya mkataba yana miaka 6 kabla hayajapitwa na wakati. Kwa hiyo muda wa kumshtaki ninao. Muda nisio nao ni wa mvua.

Fundi mwingine, mtu mzima anayeaminika hapa mtaani, amekuja kukagua. Anasema mbao zilizopandishwa hazikupigwa dawa, nyingine zimeanza kupinda, kwa hiyo itabidi ashushe karibu zote. Ananiambia milioni 9 hadi bati la mwisho. Ukijumlisha na nilizokwisha kutoa, paa la milioni 14 litanigharimu 19. Hiyo milioni 5 iliyozidi, naweza kumdai yule wa kwanza? Au hakimu atamwamuru tu arudishe thamani ya kazi ambayo hakuifanya? Na kenchi zikishushwa, nitathibitisha vipi ubovu wake? Picha nimepiga nyingi, ila sijui kama picha zangu na maneno ya fundi mpya yanatosha, au ni lazima mhandisi akague na kuandika ripoti kwanza. Mhandisi naye anataka fedha.

Mambo yamekuwa magumu zaidi kwa sababu fundi huyu ni mtoto wa shangazi yake marehemu mume wangu. Wakwe zangu wananisihi tuyamalize nyumbani, wanasema mahakama itavunja ukoo. Nawaheshimu sana, na wanangu ni damu yao. Lakini vikao vimekaliwa, ameahidi mbele ya wazee, na hakuna alichotekeleza. Niko tayari kukaa kikao kingine iwapo atakachokubali kitaandikwa na kusainiwa kwa namna ambayo mahakama itakitambua. Inawezekana? Na je, karatasi mpya haitafuta ile ya kwanza?

Kuhusu mahakama yenyewe, nimeambiwa Mahakama ya Mwanzo inapokea madai ya mkataba yasiyozidi milioni 30, na kwamba naweza kujisemea bila wakili. Kuna mwenzangu kazini anasema nipeleke malalamiko Bodi ya Usajili wa Makandarasi. Huyu ni fundi wa mtaani, sidhani kama amesajiliwa popote. Bodi inaweza kunisaidia nini kwa mtu wa namna hiyo?

Naomba zaidi unishauri nianze na lipi. Nataka kumwandikia barua ya madai wiki hii, mwenyekiti akiwa shahidi. Nimpe siku ngapi za kujibu, na je, naweza kumruhusu fundi mpya apande juu kabla siku hizo hazijaisha bila kuharibu kesi yangu?

Mwalimu, Chanika